Bwana Shati wa Mlango wa Pili

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza na nguo zangu. Nilitoka kidogo tu kununua mkate na sabuni. Niliporudi, shuka zangu mbili, gauni la bluu na taulo vilikuwa kambani vinachuruzika maji, na mimi pia nachuruzika. Upande wa jirani kamba ilikuwa tupu. Alikuwepo. Aliona wingu, akaanua zake, akaacha zangu.

Uani kwetu kuna sheria moja tu, nayo haijaandikwa popote: mvua ikija, aliyepo anaanua za wote. Ndivyo tulivyoishi tangu nihamie hapa, binti yangu akiwa bado anaota meno. Tuligombana kwa maji, kwa choo, kwa makelele, lakini mawingu yakikusanyika, hata yule uliyemnunia jana alikimbia kuanua chupi za mtoto wako. Wale wa zamani wamehama mmoja mmoja. Chumba cha tatu mwenye nyumba amekijaza mifuko ya saruji. Tumebaki milango miwili, wangu na wa huyu aliyekuja Januari.

Ni muuguzi. Najua kwa sare zake nyeupe, si kwa sababu ameniambia. Ana mume pia, na huyo naye namjua kwa kamba tu. Kila wiki linaning'inia shati moja la kiume, la samawati, lenye shingo pana. Kazi yangu ni kukata vitambaa, macho yangu hupima hata nisipoyatuma. Huyo ni bonge la mtu. Sijawahi kumwona, nadhani ni dereva wa safari ndefu, basi nimempa jina Bwana Shati.

Nimezikamua nguo upya na kuzitundika chumbani kwenye misumari. Nalala chini ya shuka zangu badala ya ndani yake.

Jumatatu, 10 Machi

Karakana imejaa oda za sare. Muhula unakaribia na kila shule imekumbuka leo kwamba watoto wana miili. Kitambaa kimenyonya unyevu, chaki haishiki, nikapiga mstari mara tatu kabla ya kuthubutu kuweka mkasi.

Nilimsimulia Mama Vifungo habari za nguo. Anakaa meza inayofuata, anashona vifungo toka asubuhi hadi jioni, na mdomo wake haujawahi kukaa bila kazi.

"Si umwambie! Mdomo umeuazimisha?"

"Ana mume."

"Kwani mume ni mbwa mkali?"

Yeye ameolewa, hawezi kujua. Mwanamke wa peke yake akibisha hodi kwa wenye ndoa, hata kama ni kuomba kiberiti, mke humtazama mumewe kwanza ndipo akutazame wewe. Tangu niachane na baba yake binti yangu hakuna rafiki aliyenifukuza. Mialiko iliisha tu, kimya kimya, kama sukari kwenye kopo. Nilijifunza kutobisha hodi.

Alhamisi, 13 Machi

Lazima nieleze kuhusu Mzee, asije mtu akasoma humu akadhani nimeolewa tena. Mzee ni redio yangu. Mwaka jana wezi waliingia nyumba ya kona, na binti yangu akaniambia niache redio iongee muda wote, wajue ndani kuna mtu. Nikatafuta kituo chenye mtangazaji wa sauti nzito. Anasoma habari, anasoma matangazo ya vifo, anafundisha kilimo. Mwanzoni nilimsikiliza tu. Siku hizi namjibu. "Hapo Mzee umedanganya." "Haya, Mzee, karibu chakula." Hajawahi kulalamika chumvi.

Jumamosi, 15 Machi

Binti yangu kapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, tumezungumza na mwenzangu. Mvua zikiisha nakuja na gari, tubebe vitu, uje ukae kwetu."

"Na kazi yangu?"

"Mama, kwa umri huo bado unasimama siku nzima na mkasi?"

Umri huo! Nina miaka hamsini na miwili. Mkasi wangu ni mzee kuliko mimi na bado unakata. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini akaendelea: "Sisemi kwa ubaya. Ila ukianguka humo ndani, nani atajua?"

Nilisema nitafikiri. Kataka jibu kabla mvua hazijaisha, ili mwenye nyumba apewe taarifa yake mapema.

Sitaki kwenda. Nipo hapa tangu nina kiuno, naijua kila kona ya ua huu gizani, na asubuhi nikifungua dirisha najua upepo umetoka wapi. Lakini swali lake limekaa chumbani kama mgeni asiyeaga. Nimejaribu kulijibu kwa jina la mtu mmoja, nimekosa.

Jumanne, 18 Machi

Hakuna kitu leo. Nimekula yai.

Ijumaa, 21 Machi

Mwili wangu una kiangazi chake. Mvua inanyesha, watu wamevaa masweta, na mimi jioni hii jasho limenitoka kama niliyebeba magunia. Nikatoka uani na gauni la kulalia, nikasimama kwenye manyunyu, nikainua uso. Jamani, raha! Maji baridi yakiteremka shingoni, hakuna wa kuniuliza nafanya nini. Nilicheka peke yangu.

Halafu nikaona pazia la jirani limefunguliwa kidogo, na jicho. Likafungwa. Najua sasa anamwambia mumewe kwamba mwanamke wa mlango wa kwanza amerukwa na akili.

Alhamisi, 27 Machi

Amerudia. Kutwa nilikuwa kazini. Sare zake hazipo, shati halipo, na blauzi zangu nne zimelowa chepechepe. Moja imeanguka kwenye tope.

Jumapili, 30 Machi

Nimelipa kisasi. Alikuwa zamu, mimi nilikuwepo, mvua ikaja. Nikaanua zangu taratibu, kwa madaha, kisha nikasimama dirishani na kikombe cha chai nikamtazama Bwana Shati akilowa. Mikono yake ilipigwapigwa na upepo kama anayeomba msaada. Ilikuwa tamu, sikatai. Chai ilipoisha utamu nao ulikuwa umeisha.

Jioni alirudi, nikasikia hatua zake zinasimama kambani. Nilimfungulia Mzee kwa sauti ya juu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimerudi kutoka kwa binti yangu. Nilikwenda kuonja, kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kupakua.

Nyumba yao nzuri. Vigae, sofa la ngozi, bafu ndani. Mkwe ni mpole, ananiamkia kwa heshima kisha anarudi kwenye simu yake. Jumamosi asubuhi binti akasema, "Mama, jisikie nyumbani," wakatoka wote, yeye saluni, mumewe kwenye mkutano. Nilikaa kwenye sofa. Nilitaka kupika, sikujua jiko linawashwaje. Nilitaka kufungua dirisha, lina vyuma vya kufunga na funguo sizijui. Nikaosha vikombe viwili vilivyokuwa safi. Waliporudi binti akaviona, akacheka: "Mama hutulii!" Wakala huku wanatazama televisheni.

Wananipenda, nisiseme uongo. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi siku ya pili tayari nilikuwa nalitafuta jembe na kwao halipo. Jioni alinionyesha chumba changu. Ameshanunua pazia. Alinitazama usoni kuona kama nimelipenda, nikasema zuri sana, na moyo ukaniuma kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Jumanne, 8 Aprili

Leo chaki imeshika. Nimekata tabaka ishirini za kitambaa cha kijani, na mkasi ukawa unapita vizuri hadi nikaanza kufuatisha kwa wimbo wa pua. Mama Vifungo akaitikia. Msimamizi akapita, akasimama, akaondoka bila kusema neno. Furaha yangu ya wiki nzima ndiyo hiyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Ukutani nimemsikia jirani anacheka. Anasimulia jambo refu la huko hospitalini, anakatiza, anacheka tena. Bwana Shati hajibu. Ni wale waume wasikilizaji, nadra sana kupatikana. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, najua, lakini cha kwao kilisikika hakina kunguni hata mmoja.

Niliona wivu. Naandika kama ulivyo. Si wivu wa mwanamume, huo ulishaniisha. Ni wivu wa kuwa na wa kumwambia, "Unajua leo kulitokea nini?" Nikaongeza sauti ya Mzee, nikasema kwa nguvu ili isikike upande wa pili, "Ehe, Mzee, endelea, nakusikiliza."

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Mvua. Mkate umeota ukungu.

Ijumaa, 18 Aprili

Mama Vifungo kaniuliza binti kasemaje. Nikamwambia, nikamwambia na swali lake la nani atajua. Safari hii hakutania. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwenzangu. Na jirani uliye naye ndiye huyo. Nenda kwa mwanao."

Nimekubali. Jumapili ya mwisho wa mwezi nitampigia nimwambie ndiyo.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika nimeweka mguu juu ya mto. Nianze mwanzo.

Jana umeme ulikatika karakana, tukaruhusiwa mapema. Nilifika nyumbani alasiri, nikamfungulia Mzee, nikateleka maji ya chai. Wingu likashuka ghafla. Nikatoka kuanua. Za jirani zilikuwepo, sare mbili na shati, na mlango wake umefungwa. Nikaanua zangu, nikafika mlangoni kwangu, nikageuka. Nadhani ni kwa kuwa nilishaamua kuondoka, na mtu anayeondoka kisasi ni mzigo wa bure. Nikazitupa zangu ndani, nikarudi kuanua zake, sare kwanza, kisha shati.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kulishika. Vidole vilijua kabla ya kichwa. Matundu ya vifungo yalikuwa bado yamebana, hayajalegea kama yanavyolegea kwa kufungwa na kufunguliwa. Kola haikuwa na alama yoyote ya shingo ya mtu. Viwiko havikuwa na mkunjo. Lilikuwa limepauka mabegani tu, nalo hilo ni jua la kambani. Hakuna mtu aliyewahi kulivaa shati lile. Lilikuwa linafuliwa na kutundikwa ili lionekane.

Nikasimama pale mvua inaninyeshea, nimemshika mume wa mtu mikononi, na mume mwenyewe hayupo. Miezi hii yote. Alikuwa peke yake kama mimi, anatundika mwanamume kambani ili wezi na walimwengu wamheshimu.

Niligeuka kukimbia, mguu ukateleza kwenye ukingo wa mfereji. Kifundo kikalia. Nikaanguka kwenye tope na nguo zote. Nilijaribu kuinuka, mguu ukagoma.

"Jirani! Jamani, jirani!"

Mvua juu ya mabati ilimeza sauti yangu. Sauti iliyosikika ni ya Mzee, imetulia, inafundisha jinsi ya kuchanganya mbolea. Na pale chini swali la binti yangu likanijia usoni. Nililia. Si kwa maumivu, ila kwa hasira kwamba mtoto alisema kweli.

Mlango wa pili ukafunguka kidogo. Alikuwa ndani, amelala baada ya zamu. Akanitazama. Kisha akautazama mlango wangu, ilikotoka sauti ya kiume, akasita. Nilimwona anavyosita. Akarudi ndani, nikajua nimekwisha.

Akatoka na ufagio. Hakuja kwangu. Alinipita kwa hasira, akaingia chumbani kwangu kwa kishindo, nikamsikia:

"Wewe baba! Huna haya? Mkeo anagaagaa kwenye tope huko nje, na wewe umekaa unahubiri mbolea?"

Mzee akaendelea na mbolea.

"Nasema na wewe!"

Mzee akasema baada ya hapo wasikilizaji watapata muziki laini. Muziki ukaanza.

Jirani akatokeza mlangoni, ufagio umeshuka.

"Dada, mumeo yuko wapi?"

"Sina mume."

"Na huyu aliyekuwa anaongea?"

"Redio." Nikainua shati lililojaa tope. "Wa kwako je, yuko wapi?"

Alilitazama shati. Alinitazama mimi. Akakaa palepale kizingitini, mvua inampiga magoti, akacheka mpaka akakosa pumzi. Nami nikacheka, nimelala matopeni na mguu unaniwaka.

"Inuka basi, dada."

"Siwezi, mguu."

"Lo! Nimesahau kama mimi ni muuguzi."

Alinibeba nusu, nikaruka nusu. Alinisafisha kwa maji ya moto, akanibonyeza kifundo, akasema hakijavunjika, akakifunga kwa bandeji kama anayefunga zawadi. Ile chai niliyoiteleka tuliinywa wote wawili. Ni hapo nilipomuuliza, kwa nini uliacha nguo zangu zilowe?

"Nilisikia mwanamume ndani," alisema. "Kila siku unamwita Mzee, unamkaribisha chakula. Nikajisemea, hizo ni nguo za mke wa mtu na mume yumo humohumo, mimi nizishike kwa kiherehere gani? Nilikotoka nilimwanulia jirani mashati ya mumewe. Mara moja tu. Akazunguka mtaa mzima akisema namtaka. Ndiyo nikahama."

"Na mimi siku ile nilivyosimama kwenye mvua na gauni la kulalia?"

"Nilidhani mmegombana, amekufungia nje. Nilitaka kutoka. Nikaogopa."

Nilimwambia kwamba ile siku ndiyo niliyofurahi kuliko zote mwezi ule. Akatikisa kichwa, akanywa chai.

Jumapili, 27 Aprili

Sijampigia binti yangu. Kapiga yeye, nikamwambia nimeteguka, nimefungwa vizuri, nina mtu. Nilipenda jinsi hilo neno la mwisho lilivyotoka mdomoni.

Jumanne, 29 Aprili

Mapumziko ya mguu. Asubuhi jirani anapita kabla ya zamu, mchana niko mwenyewe, jioni tunakaa kizingitini tunatazama mvua. Ana miaka arobaini na tano, hajawahi kuolewa, anaogopa mende, anaimba vibaya na hajui. Yale mazungumzo ya ukutani yalikuwa simu ya dada yake.

Leo kaja na Bwana Shati, amemfua upya. Tukakivisha kiti lile shati, tukamweka Mzee mbele yake. Jirani akarudi nyuma kumtazama.

"Mwanamume kamili huyu, dada. Ana shati, ana sauti, na chakula hali."

"Wala hatuulizi tulikuwa wapi."

Mbavu ziliniuma kuliko mguu.

Ijumaa, 2 Mei

Nimeanza kutembea. Mvua zinapungua. Wakati wa kuosha vyombo nilijikuta nimetenga vikombe viwili bila kufikiri.

Jumapili, 4 Mei

Leo kaniambia.

Tulikuwa kizingitini. Nilikuwa namweleza kwamba sitahama, kwamba nitamwambia binti yangu hapana kwa kuwa sasa lile swali lake lina jibu. Nilikuwa naongea kwa furaha, mikono inaruka. Yeye akasema, "Dada, mimi nahama Jumamosi."

Nilidhani anatania.

Alishampa mwenye nyumba taarifa mwanzoni mwa Aprili. Anakwenda mji wa dada yake, hospitali ya huko imeshampokea. Na chumba kimeshapata wapangaji, wameshapewa neno.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kila siku. Nikiona unavyocheka nasema kesho."

"Lakini kwa nini unahama?"

Akatazama chini. "Nilikuwa nimechoka, dada. Ua una watu wawili, mke na mume, wanaongea na kucheka kutwa, na hakuna anayenisalimia zaidi ya habari za asubuhi. Siku ile niliporudi nikakuta sare zangu zimelowa na nyie mmefungulia sauti juu, niliingia ndani nikalia. Wiki hiyohiyo nikaenda kwa mwenye nyumba."

Jumapili ile. Mimi dirishani na kikombe cha chai.

Nilimshika mkono tukakaa hivyo. Tungeweza kuwa na msimu mzima. Tulikuwa na ukuta mmoja, ufa wake unapitisha hata kikohozi, na kila mmoja alikaa upande wake akimwogopa mwanamume asiyekuwepo wa mwenzake.

Jumatano, 7 Mei

Jua. Nimefua mashuka. Sina hamu ya kuandika.

Jumamosi, 10 Mei

Ameondoka asubuhi. Mizigo yake ilikuwa michache, ikaingia yote kwenye gari dogo. Aliuliza kama nataka aniachie Bwana Shati, nikakataa. Huko aendako hajui watu wake bado.

"Ukilowa nani atakuanulia?" akaniuliza, anacheka na machozi yanamtoka.

"Nitakauka mwenyewe."

Lilikuwa jibu la kijinga, la kiburi, na gari lilipokata kona nilijuta kwamba ndilo la mwisho nililompa. Nikarudi uani. Nimelia kwa sauti. Mvua hakuna ya kuifunika, wapita njia wote walisikia, na wasikie.

Jumapili, 11 Mei

Nilimpigia binti yangu mapema kabla moyo haujageuka.

"Mama! Nije lini na gari?"

"Siji, mwanangu."

"Si ulisema una mtu huko?"

"Amehama jana."

"Sasa mama, unabaki na nani?"

"Sina mtu."

"Mama, sikuelewi."

Nami sikuwa najielewa vizuri, nilielewa kadiri nilivyokuwa nikisema. Nikamwambia kwamba kwake nilikaa siku mbili na nilikuwa mpweke kwenye sofa lake zuri, na kwamba hilo si kosa lake. Nikamwambia kwamba nikija kwake nitaacha kutafuta, nitakaa nikimsubiri yeye arudi kutoka kazini kila jioni, na ataniona nikimsubiri, na itamchosha. Hapa angalau nina kazi, nina mkasi, nina ua. Mtu mmoja nilimpata nikiwa nimechelewa. Nataka nimtafute mwingine miguu ingali inatembea.

Alilia kidogo. Akauliza, "Umekasirika na pazia?"

"Pazia ni zuri. Liache. Nitakuja kulala chumbani humo mwisho wa mwezi, halafu narudi kwangu."

"Na ukianguka?"

"Nitapiga kelele," nikasema. "Safari hii nitazima redio kwanza."

Hakuelewa, nikamsimulia yote. Ni mara ya kwanza katika miaka mingi binti yangu kunisikiliza muda mrefu bila kusema nitakupigia.

Alhamisi, 15 Mei

Kazini. Nimekosea kipimo cha mikono. Mama Vifungo aliona, akaficha kile kitambaa chini ya meza yake kabla msimamizi hajapita. Mchana akaniuliza nakula nini siku hizi, mbona shavu limeingia. Nikajibu kwamba chakula cha mtu mmoja hakina ladha. Akanitazama kama ndiyo kwanza ananitambua. "Mbona hujawahi kusema?"

Kweli, sijawahi. Kila siku namwambia habari za nguo, za binti, za mvua.

Jumamosi, 17 Mei

Wapangaji wapya wamekuja leo. Nilisikia gari nikiwa nasuka nywele. Dirishani niliona magodoro, sufuria kubwa, baiskeli isiyo na gurudumu, na watoto. Nilijaribu kuwahesabu, hawakutulia. Mama yao ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufokea mifugo, mtoto mchanga kiunoni, anaamuru wabebaji huku na huku. Hakutazama upande wangu hata mara moja.

Nikafunga pazia. Nikakaa kitandani. Nikasema watu wana shughuli, nitasalimia kesho. Nikasema familia yote hiyo, wanihitaji mimi wa nini? Nikasema labda mumewe yumo. Hapo nilipojisikia nasema hivyo nikasimama.

Nilitoka na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Nikafika mlango wa pili. Moyo ulinidunda kama msichana anayepeleka posa yake mwenyewe.

"Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi, jirani wa mlango wa kwanza."

Akatokeza, jasho usoni, mtoto ananyonya ncha ya ukosi wa gauni lake. Nilikuwa nimepanga kusema karibuni, poleni na safari, maji hutoka asubuhi. Yakanitoka mengine.

"Naishi peke yangu," nikasema.

Akanitazama juu hadi chini, nywele na yote.

"Peke yako kabisa?"

"Kabisa."

"Na mikono yako mizima?"

"Mizima."

"Basi shika huyu," akasema, akanisukumia mtoto kifuani, akageuka kuwafokea wabebaji wasiburute kabati.

Alikuwa mzito, na alikuwa amelowa.